70-200 f/2.8 ya Canon: ya 2001, ya 2010 au ya 2018? Natumia Mombasa, harusi na mpira

KijanaWaTudor

Salaam jamvini, wakubwa kwa wadogo.

Kazi yangu ni harusi, na jioni napiga mpira, wa mtaani zaidi, wa ligi nikibahatika kupata kibali. Bodi ya kamera ninayo, Canon 5D Mark III. Lenzi ya milimita 70-200 nilikuwa naazima kwa jamaa yangu, lakini jamaa amehamia Nairobi na lenzi yake, nami nimebaki na 24-105. Ukumbini nikiwekwa nyuma, basi nimekwisha.

Sasa nimezipata tatu zinauzwa. Moja ni 70-200 f/2.8L IS ya zamani (IS ni kizuia mtikisiko wa mkono), ile isiyo na namba mwishoni mwa jina, ya mtu anayeacha kazi hii. Nyingine ni IS II, imetumika, na bei yake ni karibu mara mbili ya hiyo. Ya mwisho ni IS III, mpya ndani ya boksi, lakini hiyo nikiichukua lazima bodaboda yangu iende. Wengine wananiambia kioo ni kioo, chukua ya rahisi. Wengine wanasema mpya ndiyo ya kudumu. Nipeni ukweli kabla pesa haijatoka mfukoni.

Chapakazi

Uza Canon, njoo Nikon. Haya, nimenyamaza.

MzeeLenzi

Mwanangu, kwanza tuzipange kwa miaka, maana watu huzichanganya sana. Canon walitoa 70-200 f/2.8L mwaka 1995, haina kizuia mtikisiko. Mwaka 2001 ikaja yenye IS, ndiyo hiyo ya jamaa anayeacha kazi. IS II ni ya 2010, IS III ni ya 2018. Zote nne zinavaa filta ya milimita 77, zote ni nyeupe, na hakuna hata moja inayorefuka ukivuta zumu. Mpita njia akiziona zote mezani atasema ni lenzi moja.

Tofauti kubwa ni kati ya ya 2001 na ya 2010. Pale Canon walikaa wakabuni vioo upya: wakaweka kimoja cha fluoraiti na vitano vya UD, ambavyo kazi yake ni kuzuia zile rangi za zambarau na kijani zinazotambaa pembezoni mwa kitu cheupe kwenye mwanga mkali. Wewe mpiga harusi unazijua, ziko kwenye kila kanzu na kila shela. Ya 2001 ukifungua tundu lake la mwanga hadi f/2.8 ukiwa milimita 200, picha inakaa laini. Si mbovu, ni laini. Ukifunga hadi f/4 inatulia. Ya 2010 ni kali tangu f/2.8, kuanzia 70 hadi 200. Na mtu anayebeba lenzi ya f/2.8 halafu analazimika kuifunga hadi f/4 ndiyo afurahi, ananunua nini hasa? Kizuia mtikisiko nacho kilipanda: ya 2001 Canon waliahidi stopu 3, kila stopu ikikuruhusu kurefusha shata mara mbili, ya 2010 wakaahidi 4.

Sasa kati ya ya 2010 na ya 2018. Vioo ni vilevile, 23 katika makundi 19, mpangilio uleule. Mota ileile. Kilichoongezwa ni tabaka linalopakwa juu ya vioo: moja wanaliita Air Sphere Coating, linapunguza mwanga unaogongagonga ndani ya lenzi ukipiga kuelekea jua, na jingine ni la fluorini kwenye kioo cha mbele na cha nyuma, ili maji na alama za vidole zitoke kwa kufuta tu. Nje wakaipaka rangi nyeupe zaidi. Hayo ndiyo yote. IS III ni IS II iliyovaa kanzu mpya. Usiuze bodaboda kwa ajili ya kanzu.

Lakini mimi kwa hapa kwetu siulizi toleo kwanza. Nauliza lenzi ilikuwa inalala wapi.

KijanaWaTudor

Mzee, hapo kwenye kulala sijakuelewa. Ilikuwa inalala kwake nyumbani, Old Town.

MzeeLenzi

Ndiyo, ndani ya nini? Kabatini? Begini? Mombasa unyevu wa hewa unakaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na joto halishuki. Kuvu haitaki kingine. Begi lililofungwa zipu likawekwa juu ya kabati kwenye nyumba isiyopata upepo, lenzi ndani yake haijaguswa tangu msimu wa harusi uliopita, hiyo ndiyo shamba lenyewe. Na lenzi hizi zina vioo 23, kuvu ikishika cha katikati fundi inabidi afungue nusu ya lenzi kuifikia.

Ukienda kuiangalia, fanya hivi. Toa vifuniko vyote viwili. Kwenye mdomo wa nyuma hakikisha tundu limefunguka, ambalo kwa lenzi hizi likiwa nje ya kamera huwa wazi lenyewe. Washa tochi ya simu, iweke upande wa nyuma, lakini isielekee moja kwa moja kwenye jicho lako, ilaze kidogo. Wewe angalia kutokea mbele, na uzungushe zumu polepole kutoka 70 hadi 200, maana vioo vinasogea na kuvu inaweza kujificha hadi ufike 135 hivi. Vumbi ni vinukta, vumbi lipo kwenye lenzi zote, lisikutishe. Kuvu ina vijinyuzi, inatawanyika kutoka kwenye kituo kimoja, mara nyingi inaanzia ukingoni mwa kioo. Ukiona ukungu mweupe mkavu uliotanda bila vijinyuzi, hilo ni tatizo jingine, na si dogo pia.

Kisha geuza mdomo wa nyuma. Kuna mpira mweusi mwembamba unaozunguka chuma, ndio unaozuia vumbi na maji yasiingie kati ya lenzi na kamera. Ya 1995 hauna kabisa. Ya 2001 kuendelea upo. Uguse uone kama umekatika au umekauka. Angalia na skrubu zile nne za mdomo: zikiwa na kutu ya kijani au kahawia, jua lenzi hii imekula chumvi ya bahari, na mtu anayekwambia aliitumia studio tu anakuuzia hadithi.

La mwisho, vaa lenzi kwenye kamera yako, washa IS, bonyeza shata nusu, na utege sikio. Mvumo mdogo ni kawaida, na mlio wa kitu kujifunga ukiachia ni kawaida. Kukwaruza si kawaida. Picha ikirukaruka ndani ya kitafutio, rudisha uende zako.

BintiKuze

Mzee umesema, mimi naongezea la joto na baridi, maana wengi hulisahau. Umetoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, unakimbilia nje bibi harusi anashuka garini, unafungua begi. Kioo cha mbele kinafunga ukungu hapohapo. Ukikifuta kinarudi. Na ule unyevu hauko mbele tu, unaingia na ndani kama lenzi mpira wake umechoka. Dawa ni kutoka na begi limefungwa, liache likae nje lipate joto la nje kwanza, ndiyo ufungue. Kwa hiyo kwa picha za mlangoni mimi hutuma mtu na kamera nyingine iliyokuwa nje muda wote.

Na begi nyumbani halilali juu ya kabati. Nina kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira, silika ya kunyonya unyevu ndani, na kile kisaa kidogo cha kupima unyevu. Nataka kisome kati ya 40 na 50. Silika ikishiba, naikausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Msiweke mchele, mchele unatoa unga.

MpiraMbaraki

Mnamzungusha kijana bure. IS inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi mchezaji. Timu ya Bandari wakicheza pale uwanja wa Mbaraki mimi sishuki chini ya shata ya 1/1000 ya sekunde, nikishuka winga anatoka hana miguu. Kwa 1/1000 IS haina kazi, mimi huizima kabisa. Basi kama IS haina kazi, kwa nini ulipie IS? Atafute ya 1995. Gramu 1310, nyepesi kuliko zote hizo za f/2.8, haina kitu cha kuharibika zaidi ya mota ya fokasi, na kwa f/2.8 ni kali kuliko ile ya 2001 mnayomtajia. Watu wanaikimbia kwa sababu haina herufi mbili, ndiyo maana bei yake iko chini.

BintiKuze

Yakhe, wewe una jua la alasiri. Sisi kwenye kupamba tuna taa za rangi za zambarau na sauti ya kinanda.

Niwaeleze wasioingia. Shughuli ya kupamba ni ya wanawake watupu na mpiga picha ni mwanamke. Bibi harusi anakalishwa jukwaani kwa utulivu, macho chini, hageuki. Flashi mara nyingi wenyewe hawaitaki, inaua hina, inaua dhahabu, inawaka kwenye vipambo vya shela. Mimi nipo nyuma ya viti, kwa sababu mbele wamekaa kina mama na huwezi kuwazibia. 200, f/2.8, ISO 3200, na shata imeshuka hadi 1/60. Bila IS, kwa 200, ile kanuni ya wazee ni usishuke chini ya 1/200. Bibi harusi ametulia, tatizo ni mkono wangu mimi. Hapo ndipo IS inakula mshahara wake. Dada zake wakianza chakacha, sawa, hapo maneno yako ni kweli tupu, IS haina msaada na napandisha ISO.

Na jambo jingine ambalo halijatajwa: umbali wa karibu kabisa wa kufokasi. Ya 2001 inahitaji mita 1.4, ya 2010 inakubali mita 1.2. Inaonekana kidogo, lakini ukubwa wa kitu kwenye sensa unapanda kutoka 0.17 hadi 0.21 ya ukubwa wake halisi. Mkono wenye hina unaujaza fremu bila kubadilisha lenzi, bila kwenda kumwinamia mtu usoni. Kwa kazi yangu hilo peke yake lilinitosha kuchagua ya pili.

Shanzu_Asubuhi

Samahani, mimi mgeni. Kwani lazima f/2.8? Ile f/4 ni nyepesi nusu, na bei je?

MzeeLenzi

Karibu. Si lazima. f/4L IS ya 2006 ni gramu 760, imezibwa isiingie vumbi na maji, kali sana. f/4L IS II ya 2018 ni gramu 780 na filta yake ni 72. Kama ungekuwa unapiga maharusi ufukweni mchana, au ngalawa, ningekwambia funga macho chukua f/4. Lakini huyu kijana anaingia kumbi za usiku na anapiga mpira hadi jua linazama. Stopu moja kwake ni tofauti ya ISO 3200 na 6400 kwenye 5D Mark III.

Shanzu_Asubuhi

Shukrani. Mimi ni ufukweni tu, mapema. Basi nimepata jibu langu bila kuomba.

Ila nina swali kwa IS III. Huku kwetu jua linachomoza baharini, na wateja wote wanataka wasimame mbele yake. Ile tabaka mpya inasaidia kweli?

MzeeLenzi

Hapo ndipo inaposaidia, sikatai. Jua likiwa ndani ya fremu au kando kidogo, IS II inapoteza weusi, nguo nyeusi zinageuka kijivu, na wakati mwingine kunatokea doa la mwanga lisilo na mwenyewe. IS III inapunguza. Kama kazi yako yote ni hiyo, lipa. Wengine wavae ile kofia ya lenzi iliyokuja nayo, wasogee hatua mbili.

Mkomani

Jamani 2018 ilipita. EF, yaani mdomo wa lenzi hizi mnazozijadili, imekwisha; mdomo mpya wa Canon ni RF. RF 70-200 f/2.8 ya 2019 ni gramu 1070, hii mnayoijadili inakaribia kilo moja na nusu. Piga harusi kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane halafu uniambie bega linasemaje.

MzeeLenzi

Bega nalielewa kuliko wewe. Lakini RF ya 2019 walifikia wepesi na ufupi huo kwa kuifanya irefuke ukivuta zumu, na haikubali ekstenda, kile kipande cha kuongeza masafa ya lenzi. Mimi mtu akiniambia anaenda Diani na lenzi inayotoka na kuingia, namwambia aifute shingo yake kabla hajairudisha, kila mara, maana chembe ya mchanga ikikaa pale inasaga. Canon wenyewe mwaka 2024 wakatoa nyingine, RF ya Z, gramu 1110, hairefuki na inakubali ekstenda. Filta yake 82, kwa hiyo zile zako za 77 zinabaki droo. Ni lenzi nzuri kabisa. Kijana hana bodi ya RF.

Na siku atakayoipata hatatupa EF yake. Adapta ya Canon ya EF kwenda RF haina kioo ndani, ni bomba na waya, ubora haupungui.

Mkomani

Hilo nakubali. Mimi mwenyewe R6 yangu, bodi ya RF, bado inavaa EF 135.

MpiraMbaraki

Subiri hapo. R6 inatuliza sensa yenyewe, si ndiyo? Basi ya 1995 ukiivaa kwa adapta inapata utulivu kutoka kwenye bodi. BintiKuze, hoja yako ya 1/60 imepata mpinzani!

BintiKuze

Imepata, lakini kijana ana 5D Mark III. Utamtulizia sensa kwa dua?

Chapakazi

Bila utani sasa. Huku Nikon 70-200 yetu ina kisa kama hicho. VR (ndiyo IS ya Nikon) ya 2003 ilikuwa tamu enzi za sensa ndogo, sensa kubwa za fremu nzima zilipokuja pembe zikaanza kuwa giza na laini. VR II ya 2009 ikarekebisha pembe, lakini ukimpiga mtu wa karibu ukiwa 200 unapata picha ya kama 135, mtu hatoki mkubwa ulivyotarajia. FL ya 2016 ikamaliza yote, ila tundu lake linaendeshwa kwa umeme, na bodi za zamani kama D90 haziwezi kulifunga. Mtu asinunue FL ya mkononi kwa mkupuo kabla ya kujua bodi yake inaikubali. Nimemaliza.

KijanaWaTudor

Wakuu nimerudi. Nimekwenda kuziona zote mbili zilizotumika.

Ya 2001: nimewasha tochi kama Mzee alivyosema. Kwenye 70 safi. Nimezungusha hadi katikati, vijinyuzi hivi hapa, upande mmoja karibu na ukingo, vinaingia kuelekea katikati. Mwenyewe akasema ni vumbi. Nyuma kuna herufi UR na tarakimu. Skrubu mbili za mdomo zina kutu.

IS II: vioo safi, vumbi kidogo. Rangi imechubuka karibu kote, kofia yake imepasuka, mpira wa kuzungushia zumu umelegea unateleza. Skrubu safi. IS inavuma kidogo tu. Muuzaji ni mpiga picha wa magazeti, anasema aliifanyia kazi sana na kabati lake lina taa.

MzeeLenzi

UR: U ni kiwanda cha Utsunomiya, R ni 2003. Lenzi ya miaka hiyo, kuvu ndani, na Canon hawatengenezi vipuri milele kwa lenzi waliyoacha kuiunda mwaka 2010. Fundi anaweza kuisafisha, lakini kuvu ikishakula tabaka la kioo, alama inabaki hata ukiiosha. Hiyo waachie wenyewe.

Ya pili, kabati lenye taa nimelipenda. Balbu ndogo inayowaka mchana kutwa kwenye kabati lililofungwa ndiyo njia ya wazee ya kukausha hewa. Rangi iliyochubuka haipigi picha. Mpira wa zumu hubadilishwa. Kofia iliyopasuka na mpira huo uliolegea ndiyo sababu zako za kuomba ashushe bei, usione haya kuvitaja vyote viwili, kimoja kimoja.

MpiraMbaraki

Mimi bado nasema ya 1995. Lakini hiyo ya gazetini imeshapiga mpira mwingi kuliko wewe, chukua.

KijanaWaTudor

Nimechukua. Ameshusha kidogo, na ameniongezea filta ya 77. Mzee, kuna la kufanya kabla ya Ijumaa?

MzeeLenzi

Lipo moja. 5D Mark III ina marekebisho ya fokasi kwa kila lenzi, na kwa lenzi ya zumu inakupa sehemu mbili, W na T, yaani 70 na 200 kila moja na namba yake. Weka kamera kwenye stendi, gazeti ukutani lenye maandishi madogo, f/2.8, IS imezimwa. Piga kwa 200, rekebisha T, kisha 70, rekebisha W. Fanya asubuhi dirishani, usifanye usiku kwa taa ya chumbani.

KijanaWaTudor

Nimefanya leo asubuhi. W imekaa sifuri, T nimeiweka +4. Maandishi ya matangazo ya vifo yanasomeka hadi ya chini kabisa.

BintiKuze

Na Ijumaa ukitoka ukumbini, begi lifungwe kwanza.